Kutoka Kasese Hadi Bwera: Kila Mlowezi na Chungu Chake

Msafiri atokaye Mbarara, akishapita daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga, huingia katika uwanda mpana wenye nyasi na joto jingi. Baada ya muda mfupi huvuka mstari wa Ikweta karibu na Kikorongo, na upande wake wa kushoto huanza kuuona mlima Rwenzori, ikiwa mawingu yamempa ruhusa. Kilele chake cha Margherita kina kimo cha mita 5,109 na kimefunikwa theluji, lakini yule aliyeko chini anajifuta jasho. Wengi wa wasomaji wetu waliijua njia hii siku ya uhamisho, wakiwa juu ya lori pamoja na godoro, masufuria na kuku wawili ndani ya kikapu. Yeyote atakayeletwa huku kesho kwa kazi ya ulinzi, pamoja na mkewe au mumewe, yafaa ajue mapema kwamba anakwenda mahali ambapo karibu kila jirani atakayemkuta naye aliletwa na jambo fulani.

Mji wa Kasese wenyewe ni kijana. Babu wengi waketio barazani mle wamezaliwa kabla yake. Reli kutoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956, nayo haikufuata uzuri wa mlima bali shaba ya Kilembe, iliyo katika bonde la mto Nyamwamba, mwendo mfupi kutoka kituoni. Mgodi ulikuwa wa kampuni ambayo sehemu yake kubwa ilimilikiwa na Falconbridge ya Kanada. Madini yaliyosagwa yalipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Jinja, ambako tanuru la kuyeyushia shaba lilipata umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Wakanada waliondoka katika miaka ya 1970, uchimbaji ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni nazo zikaacha kufika Kasese katika miaka ya 1990. Watu hawakuondoka. Mtu aliyeletwa na mshahara akiisha kuzika mzazi mahali, au kumsomesha mtoto hapo, hawezi tena kubebwa na treni iliyomleta.

Kilembe na majirani zake

Nyumba za wafanyakazi wa Kilembe zilijengwa safu kwa safu kandokando ya bonde, na ndani ya safu hizo nchi nzima ilikaa ukuta kwa ukuta. Walikuwapo Wakonzo wa milimani hapo hapo, Wakiga kutoka Kigezi, Watoro, watu wa kaskazini, watu kutoka Rwanda, Kongo na Kenya. Kama ilivyokuwa desturi ya kazi za migodi wakati ule, wanaume ndio waliotangulia, na jiko la kwanza la wengi wao lilikuwa la kaptula na soksi: sufuria moja, maharage, na unga wa kampuni au wa dukani. Walipofika wake zao ndipo harufu za bonde zilipoanza kutofautiana.

Katika nyumba ya Mkonzo kulipikwa ugali wa muhogo na sombe, yaani yale majani ya muhogo ambayo Waswahili wa pwani huyaita kisamvu, yakitwangwa mpaka yalainike na kuchemshwa kwa muda mrefu. Mtoro naye alitaka ugali wake wa ulezi, ulio mweusi na unaonata kidogo, aula na mchuzi wa karanga au wa nyama. Mkiga hakujisikia ameshiba bila viazi vitamu na maharage, na pembeni kibuyu cha uji wa mtama. Mganda aliuliza ndizi zinauzwa wapi, akaambiwa ni ghali katika joto hili, akazinunua vivyo hivyo. Watu wa ziwani walitafuta samaki, nao samaki aina ya ngege kutoka ziwa George hawakuwa mbali. Mama aliyezoea kuandaa chakula cha aina moja alijikuta jioni akionjeshwa cha jirani kupitia dirishani, na watoto, ambao hawana ubaguzi wa tumbo, wakala kwanza kwa jirani kisha kwao.

Lugha iliyowakutanisha haikuwa ya nyumba yoyote kati ya hizo. Ilikuwa Kiswahili, kile kile kinachosemwa kambini na katika vituo vya polisi: kikavu, cha kazi, kisicho na methali nyingi, lakini kinachoeleweka. Mtu akicheka Kiswahili cha Kasese kwa sababu hakifuati ngeli, na akumbuke kwamba kilijifunzwa chini ya ardhi, baina ya watu ambao kosa moja la kuelewana lingeweza kuwaangushia jiwe.

Bonde lenyewe si salama siku zote. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika vibaya sana, ukabeba mawe makubwa, ukaharibu nyumba na sehemu ya hospitali ya Kilembe. Wazee wa mlimani hawakushangaa kwamba maji yalishuka. Walishangazwa na idadi ya nyumba zilizokuwa zimejengwa njiani pake.

Walowezi wa Atlantiki

Hapa naomba msomaji anivumilie tuvuke bahari kidogo, maana habari ya Kasese huonekana vizuri zaidi ikiwekwa karibu na ya wengine.

Tunapotaja walowezi wa Kiingereza, sisi wa Afrika Mashariki huwaza mara moja mashamba ya nyanda za juu za Kenya. Huku Uganda walikuwa wachache, na uwanda wa Kasese haukuwavuta. Lakini miaka mia tatu kabla ya Kenya, Waingereza walikwisha kuvuka Atlantiki kwenda kuishi Amerika. Wa kwanza waliofanikiwa kubaki walishuka Jamestown, katika Virginia, mwaka 1607. Wengine walishuka Plymouth mwaka 1620, na kuanzia mwaka 1630 yakafuata makundi makubwa yaliyokwenda Massachusetts. Kwa mtu aliyewatazama kutoka mbali wote walikuwa Waingereza, wenye mfalme mmoja na lugha moja. Kwa karibu hawakufanana.

Wengi wa wale wa Massachusetts walitoka mashariki ya Uingereza, katika majimbo kama Suffolk, Essex na Norfolk. Walikwenda kwa familia nzima, baba, mama na watoto, mara nyingine na majirani wa kijiji kimoja. Wakajenga nyumba karibu karibu, na nyumba ya ibada katikati. Mkate wao ukawa wa mahindi yaliyochanganywa na ngano nyeusi iitwayo rai, na maharage yakaokwa polepole ndani ya tanuri. Kule Virginia walikwenda zaidi vijana wa kiume wasio na wake, wengi wakiwa wamefungwa kwa mkataba wa kumtumikia tajiri miaka kadhaa ili kulipa nauli. Hao walitawanyika kandokando ya mito kulima tumbaku, kila shamba mbali na jingine, na kwa muda mrefu wanawake walikuwa haba na maziko mengi kuliko harusi. Waingereza hao hao, bahari hiyo hiyo; kilichowatenganisha ni walikotoka, na kama walikwenda na wake zao au la.

Msomaji aliyeishi Kilembe ataitambua tofauti hiyo bila kufundishwa. Ile safu ya mabachela na ile safu ya wenye familia zilikuwa miji miwili tofauti, ijapokuwa mshahara ulitoka dirisha moja.

Lakini kuna jambo jingine katika habari ya Plymouth, nalo ndilo lililonifanya niitaje. Walowezi wale waliiona nchi ikiwa na mashamba yaliyolimwa zamani na watu hamna, wakaona ni majaliwa. Kwa kweli mahali pale palikuwa kijiji cha Wawampanoag kiitwacho Patuxet. Maradhi yaliyoletwa na mabaharia wa Ulaya yalikimaliza kati ya miaka 1616 na 1619, mwaka mmoja tu kabla ya walowezi kufika. Nchi haikuwa tupu; ilikuwa imetupwa na msiba.

Uwanda uliohamwa

Uwanda wa Kasese ulipatwa na mambo ya namna hiyo. Karibu na mwaka 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikiangamiza ng'ombe, nao Wasongora, wafugaji wa uwanda huu, waliishi kwa ng'ombe. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alifika akajenga ngome Katwe kwenye ziwa la chumvi, kwa kuwa aliyeishika chumvi alishika biashara ya pande zote. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, ukaja ugonjwa wa malale uletwao na mbung'o. Serikali ya kikoloni iliamuru watu wahame kandokando ya maziwa. Wakahama. Nyasi zikaota mahali pa maboma, wanyama wakaongezeka, na mwaka 1952 sehemu kubwa ya nchi ile ikatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Kwanza iliitwa Kazinga; miaka miwili baadaye, Malkia Elizabeth alipozuru Uganda, ikapewa jina lake. Mtalii anayepiga picha ya nyati leo huambiwa kwamba hii ni nchi ya asili isiyoguswa. Iliguswa sana.

Baada ya hapo ndipo watu walipoanza kurudi na kuja, kila kundi kwa mlango wake. Wakonzo waliteremka kutoka miteremkoni, ambako mashamba ya kahawa na muhogo yalikuwa yamesongamana, wakalima pamba tambarare. Chama cha ushirika cha Nyakatonzi na kinu chake cha kuchambulia pamba ni matunda ya kilimo hicho. Katika miaka ya 1960 serikali ilianzisha mradi wa umwagiliaji wa Mubuku, ikagawa mashamba kwa wakulima, na maji ya theluji na mvua ya mlimani yakaletwa kwa mifereji mahali ambapo mvua ni chache. Hima ikapata kiwanda chake cha saruji. Wasongora wengi walikuwa wamevuka na mifugo kwenda Kongo, na huko walilisha ndani ya hifadhi ya Virunga. Mwaka 2006 walifukuzwa huko wakarudi Uganda na maelfu ya ng'ombe, na serikali ikalazimika kuwatafutia ardhi katika wilaya iliyokwisha kujaa.

Sasa mwulize mtu wa Kasese nani mwenyeji. Msongora atahesabu kuanzia kabla ya sotoka. Mnyabindi atakuambia mababu zake walikuwapo uwandani Wasongora wakiwapo. Mkonzo atakuonyesha mlima, na kusema kuwa mwenye mlima ndiye mwenye miguu yake. Mkiga atatoa hati ya kununulia shamba. Mtoto wa mchimba shaba atahesabu kuanzia mwaka 1956, na askari wa wanyamapori atahesabu kuanzia 1952. Kila mmoja anasema kweli tangu mwaka anaouanzia. Ofisa anayesikiliza shauri la ng'ombe walioingia katika pamba hana budi kuyajua haya, maana wale wawili walio mbele yake hawagombani kwa ajili ya magunia manne ya pamba peke yake.

Ugomvi huu umegharimu damu. Mwaka 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la Toro kwa madai kwamba hawakuhesabiwa sawa na Watoro, na Isaya Mukirane akaongoza vuguvugu la Rwenzururu mlimani. Mwaka 1974 serikali ilitenga wilaya mbili kutoka Toro, na ile ya kusini ndiyo iitwayo Kasese hivi leo. Mwanawe Mukirane, Charles Wesley Mumbere, aliteremka mlimani mwaka 1982 na kuweka silaha chini; ufalme wa Rwenzururu ukatambuliwa na serikali mwaka 2009. Mnamo Novemba 2016 yalizuka mapigano mjini Kasese ambamo wengi waliuawa, raia na askari polisi pia. Wako wajane wa pande zote mbili wanaonunua nyanya katika soko moja. Sitaongeza neno juu ya hilo.

Majina na salamu

Mambo madogo ndiyo humsaidia mgeni. Wakonzo huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Masika ni binti wa kwanza, Bwambale ni mvulana wa pili, Biira ni binti wa pili, na Muhindo ni yule aliyezaliwa baada ya mfululizo wa watoto wa jinsia nyingine. Kwa hiyo askari mpya akiandika katika kitabu cha kituo kwamba anamtafuta Bwambale, amejitafutia kazi ya mwaka mzima. Na aulize jina la baba, kijiji na kilima.

Watoro, na wengine wa uwandani walio jirani zao kwa utamaduni, wana empaako, yaani jina la heshima kama Akiiki, Amooti, Abwoli au Adyeri. Kumwamkia mtu mzima bila kumwuliza empaako yake ni kama kuingia nyumbani bila hodi. Mke wa koplo mmoja niliyezungumza naye aliniambia kwamba alipojifunza hayo majina, bei ya maziwa ilishuka bila yeye kuomba.

Chumvi na mto

Kutoka Kikorongo barabara nyingine hukata kuelekea magharibi, ikipita Kinyamaseke na Kisinga hadi Bwera, na kilomita chache mbele ni Mpondwe, mpakani. Kutoka Kasese mpaka hapo hazizidi 60. Lakini kabla ya kuifuata, inafaa kuteremka Katwe.

Ziwa Katwe halina samaki, lina chumvi. Pembeni yake yamekatwa majaruba madogo madogo, kila moja na mwenyewe, nayo hurithiwa kama shamba. Wakati wa kiangazi maji hukauka na chumvi hukusanywa. Katikati ya ziwa wanaume husimama majini wakivunja mabamba ya chumvi ya mawe, yale wanayopewa ng'ombe walambe. Kazi hiyo huchubua ngozi, na maji hayo hayana huruma kwa mwenye jeraha. Katika miaka ya 1970 kulijengwa kiwanda kwa ufundi wa Kijerumani ili kazi iwe rahisi, lakini maji ya chumvi yakala mabomba, na kiwanda kikabaki kutu. Majaruba ya kina mama na kina baba yangali yanafanya kazi. Hapa wakulima, wafugaji na wavuvi hukutana kwa sababu hakuna chungu kisichotaka chumvi. Katwe imo ndani ya hifadhi, kama vilivyo vijiji kadhaa vya wavuvi, na usiku kiboko hupita uani.

Bwera ni mambo mengine kabisa. Joto la Kasese hupungua, vilima husogea barabarani, na migomba na kahawa hufika hadi milangoni. Kule Kasese mtu hukuuliza umetoka wapi. Bwera hukuuliza u mtoto wa nani, kwa kuwa wengi ni Wakonzo na hufahamiana. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Kongo, na watu wake ni Wanande, ambao kwa lugha na ukoo ni ndugu wa Wakonzo. Mpaka ulikubaliwa na wakoloni mwaka 1910 katika mkutano wa Brussels. Shangazi yuko upande mmoja na mpwa upande wa pili. Harusi huvuka, maiti huvuka, na maradhi huvuka pia. Mnamo Juni 2019 wagonjwa wa ebola walipatikana Bwera katika familia iliyokuwa imetoka msibani Kongo, na kwa miezi mingi kila apitaye darajani alinawa mikono na kupimwa joto. Ugonjwa haukuenea Uganda wakati ule. Wauguzi na askari wa mpakani wanastahili sehemu kubwa ya sifa hizo.

Vita navyo vimevuka. Mwezi Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waliivamia shule ya sekondari hapo wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Tangu hapo wazazi wa Mpondwe huwatazama walinzi kwa macho mawili kwa pamoja, jicho la kuwataka karibu na jicho la kuwauliza walikuwa wapi.

Pamoja na hayo soko la Mpondwe hujaa. Siku ya gulio wanawake wa Kongo huvuka wakiwa na vitenge, mafuta ya mawese na kahawa. Hurudi na sabuni, unga, chumvi na samaki wakavu waliotiwa chumvi, ambao wao huwaita makayabo. Shilingi na faranga hubadilishwa juu ya meza ndogo chini ya mwavuli. Kiswahili cha Kongo hukutana na cha Kasese, na kila mmoja humwona mwenzake anakivunja. Mwuza unga hupima kwa kopo, hujaza mpaka kilele, kisha huongeza ukufi mmoja wa bure. Mke wa askari aliyehamia hapa mwezi uliopita, anayetokea Lira au Mbale, husimama mbele ya fungu la majani ya muhogo asijue yapikwe vipi. Mwuzaji haulizi kabila lake. Humwazima kinu, humwonyesha namna ya kuyatwanga kwanza na vitunguu vya majani, na kumwambia ayachemshe muda mrefu, asiharakishe, kwa kuwa majani hayo yasipoiva vizuri hudhuru. Kesho yake mama huyo hurudisha kinu, na ndani yake huweka karanga za kwao.